Muulize Dokta: Mkorogo, rovu na maziwa yaliyogoma kutoka

Mwezi huu barua zimejaa homoni tupu, sijui mmeambizana. Kabla sijaanza kujibu niwawekee kitu kimoja mezani maana ntakirudia sana. Chini ya ubongo kuna tezi inaitwa pituitari, ndogo, ukubwa wa punje ya njegere, na kazi yake ni kuonja damu muda wote. Ikiona homoni fulani imepungua inatuma oda kwa tezi inayohusika (ya shingoni, zilizokaa juu ya figo, vifuko vya mayai vya mwanamke, korodani), ikiona imezidi inanyamaza. Hiyo habari ya kunyamaza ishikeni vizuri.

Twende.

Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa miaka 27, niko Mbagala. Nimepaka mkorogo kama miaka mitatu, kuna dada anachanganya mwenyewe kwenye ndoo anatupimia kwenye makopo. Mwaka jana nikaongezea na vidonge vya hipsi, vile vidogo vyeupe wanavifunga kwenye karatasi. Uso umekua mviringo, tumbo limetoka ila mikono na mapaja yamekonda, na nina michirizi ya zambarau tumboni. Nikaogopa nikaacha vyote siku moja. Sasa ni wiki ya pili natapika, sina nguvu, nikisimama naona giza, juzi nimedondoka bafuni. Nyumbani wanasema nina mimba, nimepima sina.

Marahaba mwanangu. Usimalize kusoma hapa, nenda hospitali leo, sio kesho, na uende na mtu. Kopo la mkorogo na kile kikaratasi cha vidonge viweke kwenye mkoba. Ukifika usione aibu, sema hivi hivi ulivyoniandikia mimi, kwamba umetumia vitu vya steroidi muda mrefu na umeacha ghafla. Hiyo sentensi moja inaweza kuokoa maisha yako kuliko kipimo chochote, maana ukisema tu "natapika" utatibiwa tumbo, utapewa dawa ya malaria, utarudishwa nyumbani.

Sasa wengine wote tusome. Mikorogo mingi ina klobetasoli ndani, steroidi ya kupaka ambayo ni kati ya zile kali kuliko zote, yaani kwenye matumizi halali daktari anakuandikia sehemu ndogo ya ngozi, wiki mbili hivi, na usizidishe gramu 50 kwa wiki. Mtu wa mkorogo anapaka kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu, asubuhi na jioni, miaka. Inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu. Na vile vidonge vya hipsi mara nyingi ni deksamethasoni, watu wanaita deksa, na yenyewe milligramu moja tu kwa siku, maana yake vidonge viwili vya nusu milligramu, inashinda kortisoli yote (steroidi ya asili inayotoka kwenye tezi za juu ya figo) ambayo mwili wako ungetengeneza siku nzima. Ule unene haujawahi kua hipsi. Ni mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja ikiliwa, ndo maana unasema tumbo limetoka miguu imekonda.

Huku ndani pituitari inaonja damu inakuta steroidi tele, inanyamaza. Zile tezi mbili za adrenali juu ya figo zinakosa oda wiki baada ya wiki, zinasinyaa. Ni kama mpishi ambae kila siku chakula kinaletwa kutoka nje, anazima jiko anaenda kulala, alafu siku moja chakula cha nje hakiji na wageni wamekaa mezani. Kuamka kwenyewe kunachukua muda, wiki, miezi, wengine mwaka na zaidi. Kortisoli ndo inashikilia presha isishuke na sukari isiishe hasa ukiwa unaumwa, kwahiyo ikikosekana ndo unaona giza, unatapika, unadondoka. Mtu anakufa hivyo, na malaria ndogo au mafua tu yanatosha kumsukuma.

Hospitali wakupime presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, sukari, chumvi za kwenye damu, na kama maabara inaweza, kortisoli ya asubuhi, ichukuliwe mida ya saa mbili. Lakini kama hali ni mbaya wasisubiri majibu, watakupa haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) ya sindano na dripu. Alafu utaandikiwa steroidi kidogo kidogo ya vidonge, ndio, ileile familia ya dawa iliyokuumiza, ila kwa kipimo na kwa kupunguza taratibu mpaka tezi ziamke. Kipindi hicho ukipata homa dozi inaongezwa, mara nyingi mara mbili, waulize wakuandikie kabisa kwenye karatasi. Na wacheki figo pia maana kwenye makopo hayo kuna mengine yana zebaki.

Wewe unaesoma hii na unatumia prednisoloni, nayo ni steroidi, uliyoandikiwa kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, tafadhali usiende kuitupa. Sababu ni ileile, usiache ghafla. Huyo dada wa ndoo sina la kumwambia, yeye hata hajui amechanganya nini.

Dokta, mimi ni mama wa miaka 34, niko Mpwapwa. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita. Siku ya kujifungua nilitoka damu sana nikazimia, nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone, mtoto kalelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Tangu siku hiyo sijaona siku zangu tena. Nywele za kwapani zimeisha, nasikia baridi hata jua likiwaka, nasinzia mchana, kazi ya shamba imenishinda. Nilipima thairoidi wakaniambia TSH iko sawa. Mama mkwe anasema nimefungwa, mbuzi wawili wameshaenda kwa mganga. Nisaidie.

Mama, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Hujafungwa na mtu. Ukiichukua hii barua jinsi ilivyo ukampelekea daktari wa magonjwa ya ndani, nusu ya kazi yake umeshamfanyia.

Mwanamke akiwa mjamzito ile tezi ya pituitari inakua, inanenepa kwa sababu inajiandaa kuagiza maziwa. Ila mishipa ya damu inayoilisha haiongezeki kwa kasi hiyo. Sasa mama akimwaga damu nyingi mpaka presha ikaporomoka akazimia, ile tezi iliyonenepa inakosa damu na sehemu yake inakufa. Figo zinapona, moyo unapona, mama anaamka anaambiwa ashukuru Mungu, na hamna anaejua kwamba mkuu wa tezi zote amebaki nusu au robo. Dalili ya kwanza ni hiyo hiyo yako, maziwa hayaji. Alafu hedhi haiji, nywele za kwapani na za sehemu za siri zinaisha, baridi, uchovu, usingizi. Mwingereza mmoja anaitwa Harold Sheehan aliuelezea huu ugonjwa mwaka 1937 na ndo unabeba jina lake, Sheehan. Kwenye nchi ambazo damu haiwachelewi akina mama umekua adimu. Kwetu bado upo, na unakaa miaka bila kutajwa kwa sababu dalili zake ni za polepole na watu wameshazoea kusema "uzazi umemchosha".

Ntakwambia kwanini kile kipimo kimekudanganya. TSH ni oda inayotumwa na pituitari kwenda shingoni. Tezi ya shingo ikiwa mbovu, pituitari inapiga kelele, TSH inapanda juu, tunaiona. Lakini kama anaepiga kelele ndo mgonjwa, TSH inaweza kukaa pale pale kwenye "sawa" huku homoni yenyewe ya thairoidi (hiyo tezi ya shingo) iko chini kabisa. Kwahiyo omba wapime T4, ndo homoni yenyewe, pamoja na TSH, sio TSH peke yake. Wapime kortisoli ya asubuhi, prolaktini (homoni ya maziwa), FSH (oda ya pituitari kwenda kwenye vifuko vya mayai), na sodiamu ya damu. Hospitali ya wilaya huenda wasiwe navyo vyote, omba rufaa, Dodoma hapo sio mbali. Picha ya MRI ya kichwa ikipatikana ni nzuri ila matibabu hayahitaji kuisubiri.

Na hapa naomba uwe makini, mwambie hata daktari kama ni kijana: ikionekana umepungukiwa vyote viwili, kortisoli inarudishwa kwanza, ndipo thairoksini (homoni ya thairoidi ya vidonge). Ukianza na thairoksini peke yake mwili unachangamka unatumia hata ile kortisoli kidogo iliyobaki, unaanguka. Vidonge vya haidrokotisoni ni adimu huku kwetu, wengi huandikiwa prednisoloni dozi ndogo, inafanya kazi. Homoni za kike pia zinarudishwa, kwa ajili ya mifupa yako, sio hedhi tu. Dawa ni za maisha, lakini watu waliokua hawawezi kuinua jembe nimewaona wanarudi shamba ndani ya wiki chache. Kupata mimba nyingine inawezekana kwa wengine, kwa msaada wa wataalamu, hilo tuliweke baadae, kwanza usimame.

Mama mkwe msomee hii sauti ya juu. Na mbuzi waliobaki wabaki zizini.

Habari dokta. Nipo Kasulu. Bibi alikua na rovu, mama analo, na mimi naona shingo inaanza. Kwetu tunatumia chumvi ya kupima kwenye vikopo sokoni. Je rovu ni la kurithi? Na nikila chumvi nyingi litapungua?

Swali la pili nalijibu kwanza: hapana, usile chumvi nyingi, utapata presha na rovu utabaki nalo.

Kuna kurithi kidogo lakini familia nzima kua na rovu mara nyingi ni kwa sababu familia nzima inakula chungu kimoja. Tezi ya shingo inatengeneza homoni kwa madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250, ni kidogo sana, ila ikikosekana hata hiyo pituitari inaagiza na kuagiza, na tezi inajipanua ili inase chochote kinachopita. Ndo rovu hilo. Nyanda za juu, Rukwa, Mbeya, Iringa, Ruvuma, na huko kwenu Kigoma, mvua za miaka mingi zimeosha udongo, madini joto hamna ardhini, kwahiyo hamna kwenye mahindi wala maharage. Na watu wa kwenu mna hoja moja kila siku, kwamba "sisi tuna chumvi ya Uvinza, itakuaje tupungukiwe". Chumvi ya chini ya ardhi haina madini joto ya kutosha mpaka iwekwe kiwandani. Hata ya bahari haina, watu wa Pwani msicheke. Kinachohesabika ni kama iliwekwa, ndo maana sheria ilikuja kulazimisha, Kenya mwaka 1978, sisi huku miaka ya 1990, na tangu hapo rovu kubwa zile za kuning'inia tunaziona kwa wazee zaidi.

Hiyo ya kupima kwenye kopo sokoni, imekaa wazi, imepigwa jua na mvua, hata kama iliwekewa madini joto yanapotea. Nunua ya pakiti yenye maandishi, ihamishie kwenye chombo chenye mfuniko, iweke mbali na jiko, na tia kwenye mboga mwishoni badala ya kuichemsha saa nzima.

Alafu kuna muhogo. Kule ziwa Kivu upande wa Kongo kuna kisiwa kinaitwa Idjwi, watafiti walienda miaka ya 1960 wakakuta kitu cha ajabu, kaskazini ya kisiwa rovu limejaa na kusini magharibi watu wachache, wakati madini joto wanayopata yanalingana. Tofauti ilikua kwenye muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unabaki na sumu ambayo mwili unaigeuza kua thayosaianeti, na hiyo inaizuia tezi isinase hata yale madini joto machache yaliyopo. Kwahiyo ugali wa muhogo endelea kula, mimi mwenyewe naupenda, ila muhogo ulowekwe siku zake tatu nne mpaka ulainike ndo uanikwe, sio wale wa haraka haraka.

Wewe nenda kapime TSH na ushikwe hiyo shingo na mtu anaejua. Kama ni laini na homoni ziko sawa, badilisha chumvi tu na subiri. Mama yako apigwe ultrasaundi hasa kama kuna sehemu ngumu, sauti imebadilika, au anapata shida kumeza. Na kama una mpango wa kubeba mimba usichelewe, maana mtoto tumboni ubongo wake unategemea madini joto yako, na akikosa sana hutaweza kumrudishia baadae.

Dokta mi ni konda wa basi, miaka 31. Nimekonda kilo kama kumi na nakula kuliko zamani. Moyo unadunda hata nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka mpaka abiria wanauliza, joto silivumilii, macho yamekua makubwa. Stendi wote wanasema nimeukwaa. Nimepima mara tatu sina.

Pole kaka. Kama vipimo vitatu vinasema huna, huna, achana na stendi. Unakula sana na unakonda, unatetemeka, unatoka jasho, macho yametoka, hiyo ni thairoidi imezidi, na kwa umri wako na hayo macho inanuka ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili inaichochea tezi bila ruhusa ya pituitari. Pima TSH na T4. Kwako TSH itakua karibu na sifuri, pituitari imenyamaza, haina cha kuagiza.

Utapewa kabimazoli, kawaida mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na propranololi ya kutuliza moyo mwanzoni (kama una pumu waambie, hiyo propranololi haikufai). Kabimazoli ina jambo moja la kushika kichwani: ukiwa unaitumia ukapata homa na koo linauma, iache siku hiyo hiyo na ukapime damu, seli nyeupe, maana kwa watu wachache inazifuta kabisa. Usinunue dawa ya koo dukani ukaendelea na safari ya Mwanza. Na sigara acha, inaharibu macho ya Graves vibaya, hilo halina ubishi.

Kuna mtu anauza juisi ya kusafisha homoni elfu themanini kwa wiki mbili pamoja na vidonge vya nywele na kucha. Amesema nina homoni imbalansi kwa kuniangalia tu uso. Ninunue?

Usinunue. Homoni haisafishwi, na kwa kuangalia uso hata mimi siwezi. Muulize ni homoni gani kati ya zaidi ya hamsini, ukimuona anahangaika utacheka. Ila hivyo vidonge vya nywele vina jambo: vingi vina bayotini (aina ya vitamini) nyingi, na bayotini inavuruga mashine za maabara, inaweza kuonyesha thairoidi imezidi wakati mtu ni mzima. Kama umeshaanza kuvimeza na unataka kupima, viache siku mbili tatu kabla. Kama siku zako zinaruka, una chunusi na ndevu zinaota, hiyo inapimika na inatibika, njoo na tarehe za hedhi za miezi sita umeziandika.

Assalaam alaykum daktari. Mwanangu ana miaka 15, anachoma insulini. Tunaishi Micheweni, friji hatuna. Tunaiwekaje? Na Ramadhani yaja, atafunga?

Waalaykum salaam dada yangu. Chupa iliyofunguliwa inakaa bila friji kama wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30, kwa hapo Micheweni tafuta mtungi wa udongo, mwaga maji kidogo chini, chupa iwe ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, mtungi ukae kivulini penye upepo. Usiigusishe na barafu kamwe, ikiganda imeshakufa hata ikiyeyuka. Ile inayoonekana safi kama maji ukiiona imepata ukungu, au ile ya maziwa imeshikana mabonge ukiitikisa, tupa. Zile ambazo hujafungua muachie mtu mwenye friji au kituo cha afya, uchukue moja moja.

Kufunga, kwa mtoto wa insulini mimi nasema asifunge, na sheikh atakwambia dini imempa ruhusa. Akishikilia, basi dozi zipangwe upya na daktari kabla ya mwezi kuandama, apime sukari mchana (masheikh wengi wanakubali kutoboa kidole hakufunguzi), na ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6 (kwa mashine ya mmol/L) anafungua hapo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa magharibi.

Mume wangu ana miaka 52, matiti yanaota kama ya msichana. Anaona aibu hata kuvua shati. Ni nini?

Inategemea anakunywa nini. Vidonge vya moyo au ini vinavyoitwa spironolaktoni vinafanya hivyo, efavirenzi, dawa ya VVU ya zamani, nayo, baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo, na pombe ya miaka mingi ikishaharibu ini. Mara chache ni korodani, kwahiyo ajishike mwenyewe bafuni kama kuna uvimbe mgumu. Kama ni upande mmoja tu, pagumu, au chuchu inatoa damu, aende wiki hii, wanaume nao wanapata saratani ya titi. Niandikie majina ya dawa zote anazotumia, na za kienyeji pia, na ni lini alianza kila moja.